Mashindano ya bustani za nyumbani Lushoto yapewe siku yake na mizani yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba watu wazima wanaoshindana kwa maua na maboga katika mji mdogo kama Lushoto wamekosa kazi, na kwamba maji, samadi na muda wanaovitumia vingefaa kupelekwa kwenye mashamba ya maana. Mimi ni mmoja wa watu wazima hao. Barua yake nimeisoma kwa makini, na nakubaliana naye katika jambo moja, kwamba ushindani wetu umefika mahali ambapo majirani waliozoeana miaka mingi wananuniana kwa sababu ya boga. Lakini dawa anayoipendekeza, yaani tuache kabisa, itaua kitu chema pamoja na kibaya. Ninachoomba mimi ni kwamba mashindano haya yatambuliwe, yapewe siku moja ya wazi kila mwaka, yapimwe kwa mizani iliyohakikiwa, na yaamuliwe na watu wasio na undugu wala ujirani na washindani.

Kwa msomaji asiyeijua Lushoto, naomba nieleze kidogo mahali penyewe, kwa sababu ushindani huu umetokana na ardhi na hali ya hewa yetu. Mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 katika milima ya Usambara Magharibi, na ukipanda kutoka Mombo kwa ile barabara ya kona nyingi, joto la bondeni hukuaga kabla hujafika Soni. Wajerumani, ambao waliuita mji huu Wilhelmstal, waliupenda kwa baridi yake. Hapa kabichi, karoti, viazi, pilipili hoho, plamu, pichi na peasi hustawi, na magari yanayopeleka mazao hayo Tanga na Dar es Salaam hushuka mlima huu mwaka mzima. Hicho ni kilimo cha biashara, nacho kina wenyewe. Watu ninaowasemea ni wengine: mwalimu mstaafu, muuguzi, fundi cherehani, karani, mama mwenye duka la vitenge, kila mmoja akiwa na kipande cha ardhi mbele au nyuma ya nyumba ambacho pengine hakizidi ukubwa wa vyumba viwili, na ambacho hakijawahi kumwingizia hata shilingi.

Katika vipande hivyo ndimo ushindani ulimo. Mtu huacha njia fupi ya kwenda sokoni akazungukia juu ili apite kando ya ua wa mwenzake na kuhesabu machipukizi ya mawaridi. Kuna nyumba ambayo kanga na mashuka hukaa kwenye kamba juma zima, jua na mvua, na mtaa mzima unajua kwamba nguo zile zilikauka zamani, ila nyuma yake kuna tuta la dalia ambalo mwenyewe hataki lionekane kabla halijachanua lote. Kuna mzee anayemwagilia gizani ili watu wasijue anatia mbolea gani, na kuna jirani yake anayeamka mapema zaidi ili aje anuse udongo kwenye mpaka. Siyaandiki haya kumcheka mtu yeyote. Watu hawa ni makini kuliko wengi ninaowafahamu, na uangalifu wanaoupeleka kwenye jani moja lenye ubwiri unga ni uangalifu ambao ningependa kuuona katika kazi nyingi za umma.

Nianze na kisa cha haidranjia, maana ndicho kilicholeta uhasama wa kwanza mkubwa, na ndicho pia kilichotufundisha zaidi. Ua hili, ambalo asili yake ni Japani, limezizoea sana bustani zetu za milimani, na mtaani kwetu tulilijua kuwa ni ua la buluu. Kisha, kwenye bustani ya mwalimu mmoja mstaafu, kichaka kile kile ambacho miaka yote kilitoa mashada ya buluu kikaanza kutoa mashada ya waridi. Kwa siku chache hakuna aliyezungumza jambo jingine. Wapo waliosema kwamba anamwaga shinani rangi ya kutilia ukili wa mikeka. Wapo waliosema ni maji ya rozela. Mama mmoja, ambaye kabla ya hapo ndiye aliyesifiwa kuliko wote kwa haidranjia zake, alikwenda kumjulia hali mke wa mwalimu akiwa na pamba iliyoloweshwa ndani ya mkoba, na alipoachwa peke yake barazani akalisugua shada moja ili aone kama rangi itatoka. Rangi haikutoka, lakini mwalimu alimwona kupitia dirishani, na kesho yake akazungushia kichaka seng'enge.

Suluhu ililetwa na afisa ugani, ambaye mtaani bado tunamwita bwana shamba, aliyekuwa akipita kwa shughuli nyingine kabisa. Alitueleza kwamba buluu ya ua hili hutokana na alumini ambayo mmea huifyonza kutoka kwenye udongo wenye tindikali. Milima yenye mvua nyingi kama yetu mara nyingi huwa na udongo wa aina hiyo, kwa sababu mvua huiosha chokaa na madini mengine ya jamii yake na kuyapeleka chini, hivyo alumini huyeyuka na mizizi huipata kwa urahisi. Tindikali ikipungua, alumini hujifunga katika udongo, mmea huikosa, na ua huwa la waridi. Kwa kipimo cha pH, ambacho namba yake hushuka kadiri tindikali inavyozidi, buluu safi hupatikana chini ya takriban 5.5 na waridi juu ya takriban 6.5, na hapo katikati hupatikana zambarau au mchanganyiko. Haidranjia nyeupe hazimo katika habari hii, maana hazina rangi ya kugeuzwa. Akauliza: mwalimu huwa anamwaga nini pale? Jibu likawa jepesi kuliko uvumi wote. Jiko la kuni liko upande ule, majivu humwagwa pale kila asubuhi, na chokaa iliyobaki nyumba ilipopakwa nayo ilimwagwa pale pale. Mwalimu mwenyewe hakuwa akijua sababu. Alikuwa akinyamaza kwa kuwa alipenda kuonekana anaijua.

Tangu hapo majivu yakawa mali. Watoto walitumwa na ndoo kwenye majiko ya mama lishe, na ilifika mahali mama lishe mmoja akaanza kuwawekea wateja wake maalumu. Mshindani mmoja alizidisha, majani ya haidranjia yake yakawa manjano huku mishipa ikibaki kijani, ambayo ni dalili ya mmea kukosa chuma katika udongo uliotiwa chokaa au majivu kupita kiasi. Mwingine alimwaga majivu upande mmoja wa kichaka akauacha upande wa pili kama ulivyo, akapata mashada ya waridi na ya buluu katika kichaka kimoja, na katika mji mzima hicho ndicho kichaka ninachokionea wivu wa kweli.

Msomaji mwenzangu anauliza faida ya yote haya. Faida ni kwamba tindikali ile ile inayolipa ua rangi ya buluu ndiyo inayofanya udongo uishikilie fosforasi isiufikie mmea, na ndiyo inayofanya alumini iliyoyeyuka idumaze mizizi ya mahindi na maharage. Wataalamu wametueleza habari hizo katika mikutano, nasi tukapiga makofi na kwenda nyumbani. Lakini baada ya kisa cha haidranjia, watu ambao hawakuwahi kuuliza neno pH walianza kubeba udongo wao kwenye mifuko kwenda kutafuta wa kuupima, na leo yule mama wa pamba huwaambia majirani kwa nini maharage yake ya mwaka huu yana mizizi mirefu. Wivu ulimfikisha pale ambapo semina haikumfikisha. Siuoni wivu wa namna hiyo kuwa ni kitu cha kuangamizwa. Nauona kuwa ni kitu cha kuongozwa.

Kisa cha boga ni kigumu zaidi, na hapa nakiri kwamba bila kanuni tutaharibikiwa. Anayeshindania boga kubwa hufanya kazi ambayo asiyeijua hawezi kuikisia. Huamka alfajiri siku ua jike linapofunguka, akachukua ua dume na kulichavusha kwa mkono, kisha akalifunga kwa uzi ili nyuki asilete chavua ya boga la jirani. Huondoa matunda mengine yote, likabaki moja. Hufukia udongo kwenye vifundo vya mtambaa ili viote mizizi ya ziada, huweka nyasi kavu chini ya boga lisioze, na hulitengenezea kivuli, kwa sababu ganda linalopigwa na jua mapema hukomaa na kugoma kutanuka. Wenzetu wa mbali wamefika mahali ambapo sisi hatutafika: mwaka 2023, huko Half Moon Bay, California, boga la Travis Gienger wa jimbo la Minnesota lilikuwa na uzito wa pauni 2,749, ambazo ni kilo 1,247, na mbegu za maboga makubwa ya namna hiyo zinatokana na aina iliyoendelezwa na Howard Dill, mkulima wa Nova Scotia nchini Kanada. Ya kwetu ni maboga ya kienyeji, na likifika kilo 30 watu hutoka vitongoji vingine kuja kulitazama.

Mahali ambapo hakuna kanuni, kila mtu hujitungia yake. Kuna anayeamini maziwa: amekitoboa kikonyo, akapitisha uzi wa pamba kutoka kwenye kopo la maziwa ya ng'ombe, na kila jioni hulijaza kopo lile. Mmea haunenepi kwa maziwa, na kidonda kile hukaribisha uozo. Nimemweleza mara nyingi, naye hunijibu kwamba namwogopa. Fundi cherehani, ambaye saa zote ana tepu shingoni, ametuhumiwa kupima unene wa boga la jirani kupitia pengo la michongoma, na alipoulizwa hakukana, alisema tu kwamba vipimo vile ni vya kumsaidia yeye kupanga mbolea.

Mwaka jana tuliamua kupima hadharani, na matokeo yake ndiyo sababu kubwa ya barua hii. Tuliazima mizani ya kuning'iniza kutoka kwa mfanyabiashara wa viazi. Boga halina mahali pa kufungia kamba, kwa hiyo lilitiwa ndani ya tenga. La kwanza likapimwa tenga likiwa kavu. Kabla la pili halijaletwa, mvua ikanyesha, tenga likalowa, na boga la pili lilipoonekana kulizidi la kwanza kidogo, wafuasi wa mzee wa kwanza wakadai kwamba maji ya tenga yamehesabiwa kuwa boga. Ikaamuliwa tenga lipimwe peke yake. Kwa wakati huo lilikuwa limewekwa karibu na jiko na limeanza kukauka, kwa hiyo uzito wake haukuwa tena ule wa mwanzo wala ule wa katikati. Likafuata suala la kikonyo. Mzee mmoja alikuwa amekikata karibu kabisa na boga, kwa heshima ya mashindano, kama alivyosema. Mwenzake aliacha kikonyo kizima pamoja na kipande cha mtambaa chenye majani mawili, akidai kwamba boga bila kikonyo ni boga lililojeruhiwa. Hakuna aliyeweza kuonyesha kanuni inayompa haki mmoja wao, kwa sababu kanuni haikuwapo. Tulibishana mpaka giza likaingia, mwenye mizani akaitaka mizani yake, na hadi leo hakuna aliyetangazwa mshindi. Wazee hao wawili hupeana mikono msikitini, lakini wakikutana njiani kila mmoja hutazama upande wake.

Hili linaniumiza, kwa sababu watu wa Lushoto tunaijua thamani ya mizani. Tumelalamika miaka mingi juu ya lumbesa, lile gunia linaloshindiliwa na kuvishwa kilemba huku mkulima akilipwa kana kwamba ni gunia la kawaida, na tumefurahi kuona sheria inalikataza na Wakala wa Vipimo ukilifuatilia. Tukiona mizani ya haki inafaa kwa kiazi cha kuuza, sioni kwa nini tuliache boga lililolelewa miezi minne lipimwe kwa tenga lililolowa. Iwepo mizani ya jukwaa yenye muhuri wa Wakala. Kikonyo kikatwe kwa urefu mmoja unaotangazwa mapema, na kikatwe mbele ya watu. Boga lenye tundu au ufa unaofika ndani lisipokelewe, kama ilivyo kwa wenzetu wa Marekani na Kanada, na hapo suala la uzi wa maziwa litakuwa limekwisha bila mtu kugombana na mtu.

Kuhusu maji, msomaji mwenzangu ana haki kuuliza, lakini hajatutendea haki katika majibu. Wengi wetu wakati wa kiangazi hutumia maji yaliyooshea mboga na mchele, hutandaza majani ya migomba juu ya matuta ili unyevu usipotee, na humwagilia jioni. Anayefungulia bomba mchana wa jua kwa ajili ya waridi nami namlaumu, na ningependa kanuni zimwondoe katika mashindano ya mwaka huo.

Wala si sisi peke yetu tulio hivi. Katika miji ya wachimbaji wa makaa ya mawe kaskazini-mashariki mwa Uingereza, kama Ashington, wanaume waliotoka chini ya ardhi walikwenda moja kwa moja kwenye matuta yao ya liki, ile mboga ya jamii ya kitunguu, na msimu wa maonyesho ulipokaribia wapo waliolala bustanini ili kulinda, kwa sababu ilitokea liki za mtu zikakatwakatwa kwa kisu usiku. Na katika kijiji cha Egton Bridge, Yorkshire, watu wamekuwa wakishindania uzito wa gusberi, tunda dogo la kichaka chenye miiba, tangu mwaka 1800. Mwaka 2019 tunda moja lilipimwa hapo likawa na gramu 64.83, na likatambuliwa kuwa zito kuliko yote duniani. Gramu hizo zimeandikwa mpaka sehemu ya mia! Sisemi kwamba watu wa Egton Bridge wana roho nzuri kuliko zetu. Nasema wana mizani ambayo hakuna anayeibishia, na ndiyo maana mashindano yao yamewazidi umri babu na wajukuu.

Lakini mfano unaonichoma zaidi unatoka nyumbani. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani katika sehemu hizi za Tanga na Usambara, alimpelekea baba yake huko Ujerumani ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland, aliyesimamia bustani za Herrenhausen mjini Hannover, alilipa jina la Saintpaulia. Wataalamu wa leo wameliingiza katika jenasi ya Streptocarpus, na mojawapo ya spishi zake imepewa jina la Shume, Shume hii hii yetu. Ua hilo sasa liko kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani. Chama cha wakuzaji wake nchini Marekani kilianzishwa mwaka 1946, kina waamuzi waliosomea kazi hiyo, na mmea ukiletwa mezani hupewa alama kwa maua yake na pia kwa jinsi majani yanavyojipanga kulizunguka shina bila pengo. Watu hukesha wakigeuza chungu kidogo kidogo ili mwanga uyafikie majani yote sawasawa. Ushindani wote huo umejengwa juu ya ua la milima yetu, na hapa Lushoto, ambako mababu zetu walipita kando yake wakienda kukata kuni, sina ninapoweza kwenda kuliona likiwa mezani na kadi yenye jina la aliyelikuza.

Ningependa ua hilo liwe na meza yake katika siku ninayoiomba, kwa sharti moja kali. Katika misitu ya Usambara spishi kadhaa za ua hili ziko hatarini kwa sababu miti inayozipa kivuli inakatwa na mazingira yake yanazidi kuwa finyu, na nawajua washindani wenzangu vya kutosha kuhofia kwamba zawadi ikitangazwa Jumatatu, Jumanne kuna mtu atakuwa msituni na panga na kikapu. Kwa hiyo mmea uliong'olewa msituni usipokelewe, na anayebainika kuuleta asishindane tena. Hakuna haja ya kung'oa. Ua hili huzaa kwa jani: unachukua jani moja zima pamoja na kikonyo chake kutoka kwa mtu ambaye tayari anao mmea wa bustani, unachomeka kikonyo kwenye mchanga wenye unyevu, unakiweka chombo kivulini, na baada ya majuma kadhaa miche midogo huchomoza chini ya jani. Jani moja humtosha mtu, na mtaa mzima unaweza kuanza kutoka kwenye mmea mmoja. Ni kazi ya wazee na watoto, haihitaji jembe, wala haihitaji shamba.

Najua nitaambiwa kwamba tuna Nane Nane. Nayaheshimu maonyesho hayo, lakini mkoa wetu wa Tanga uko katika Kanda ya Mashariki, na uwanja wa kanda uko Morogoro. Waridi lililokatwa Lushoto alfajiri halifiki Morogoro likiwa bado waridi la kushindana, na boga lenye ganda laini halistahimili safari ya namna hiyo. Isitoshe, maonyesho yale yamejengwa kwa ajili ya kilimo cha kuuza, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Sisi tunaomba siku yetu hapa hapa, Jumamosi moja baada ya tarehe 8 Agosti, wakati maofisa ugani wamekwisha kurudi kutoka viwanjani na hawana haraka. Waamuzi watoke nje ya wilaya, Korogwe au Muheza kwa mfano, wapewe chakula cha mchana na kila mshindani kwa mchango sawa, na wasiambiwe majina ya wenye mimea mpaka alama zimekwisha kuandikwa.

Kuna kanuni moja ambayo wenzangu wengi wameikataa nilipoitaja barazani, nami naiandika hapa kwa sababu naiamini kuliko zote. Mshindi atoe mbegu. Boga lililoshinda lipasuliwe pale pale, nyama yake ipikwe na kuliwa na waliokuwapo, na mbegu zigawiwe kwa kila aliyeshindana, akiwemo aliyeshika nafasi ya mwisho. Mwenye dalia au waridi atoe vipandikizi. Wanaopinga wanasema kwamba mtu hawezi kulea mbegu miaka kumi kisha amkabidhi adui yake bure. Nawajibu kwamba mbegu ya boga kubwa nusu yake ni mkono wa mleaji, na kwamba bingwa atakayeshindwa mwakani na mbegu yake mwenyewe atakuwa amepata adui anayestahili kuamkiwa mapema. Pia mbegu inayokaa katika nyumba moja hufa na nyumba hiyo. Tumekwisha kupoteza boga refu lenye milia ambalo mama mmoja marehemu alilikuza peke yake kwa miaka mingi, akakataa kulitoa, na baada ya mazishi hakuna aliyejua mbegu zilikuwa katika kopo lipi.

Naiomba ofisi ya kata itupe uwanja kwa siku moja, na naiomba idara ya kilimo ya wilaya itupatie mtu mmoja wa kusimamia mizani. Meza, vyungu na kadi za majina tutaleta wenyewe. Na kwa kuwa msomaji mwenzangu ameandika kwamba hajawahi kupanda hata mche mmoja wa ua maishani mwake, hana bustani ya kuipendelea wala mshindani wa kumkomoa, hivyo namwomba kwa heshima aje awe mtunza daftari wa uzito wa maboga.

Msomaji wako,
Lushoto, Tanga